Siku Moja ya Panya

Msicheke, wanangu. Nilipanda ndege kutoka Dar es Salaam hadi Leicester, Uingereza, kumsalimia kaka yangu, na usiku wa nne nikajikuta ndani ya teksi, baridi inauma mifupa, nimepakata boksi lenye panya wawili. Mimi huyuhuyu, niliyekulia nyumba ambayo panya akipita kila mtu hushika lake: huyu ufagio, yule kandambili.

Panya wale ni wa binti wa kaka yangu, mwenye miaka 11. Mmoja anaitwa Kashata, mwingine Ubuyu. Kabla hamjaenda kuvizia panya darini, sikieni: hawa si wale. Panya wa darini usimshike wala usimfuge. Mkojo wa panya wa porini na wa majumbani unaweza kuleta homa ya mgunda, ile iliyowatia hofu watu wa Ruangwa, mkoani Lindi, mwaka 2022. Akina Kashata wamezaliwa mikononi mwa watu, na mabibi zao vilevile. Tangu mwaka 1901, mama Mwingereza aitwaye Mary Douglas alikwishawapeleka panya wake kwenye maonyesho mjini Aylesbury. Hata hivyo, ukiwashika hao nao, unanawa mikono.

Basi, kila jioni mlango wa tundu ukifunguliwa, Kashata ndiye huwa wa kwanza kutoka, Ubuyu nyuma yake. Jioni ile alitoka Ubuyu peke yake. Kashata alikuwa kajikunja pembeni, manyoya yamemsimama kama kuku aliyenyeshewa, mbavu zikipanda na kushuka upesi upesi. Puani na pembeni mwa macho palikuwa na wekundu.

"Damu!" nikapiga kelele.

"Si damu, Shangazi," mtoto akasema, ingawa sauti yake ilitetemeka. Akanieleza kwamba nyuma ya jicho la panya kuna tezi inayotoa majimaji mekundu. Panya mzima huyafuta kwa viganja anapojiosha, usiyaone. Akiugua au akiwa na hofu, majimaji huzidi, na yeye huwa hana nguvu za kujiosha. Wekundu ule hautaji jina la ugonjwa. Unasema tu kwamba hapa pana jambo.

"Lakini mchana alikuwa anakula!" nikasema.

"Alikuwa anaficha."

Na kweli panya huficha. Huko porini, anayechechemea ndiye bundi humwona kwanza, kwa hiyo panya huvumilia kimya kimya. Siku unayomwona anaumwa, ugonjwa umekwisha kumshinda kuuficha.

Mtoto akafungua daftari. Kila Jumapili huwapima panya wake kwa mizani ndogo ya jikoni. Jumapili tatu za nyuma Kashata alikuwa na gramu 312, 310, 309. Akampima tena usiku ule: 281. Mchana macho yetu hayakuona kitu, ila mizani haidanganywi.

Mimi nikaanza utaalamu wangu wa nyumbani. Nikasema tumsagie nusu kidonge cha Panadol, tumchemshie na mchaichai. Mtoto akasimama kati yangu na tundu. "Shangazi, mtoto wa kilo 30 ana uzito wa panya 100. Nusu kidonge chako ni cha nani?" Kisha akaniambia jambo nisilolijua: panya hawezi kutapika. Akimeza sumu, au dawa iliyozidi, hairudi ilikotoka.

"Basi tungoje kukuche," nikasema.

Akaniomba nipige hesabu. Panya wa kufugwa huishi miaka miwili hadi mitatu. Tuseme miwili na nusu. Mtu tumwekee miaka 75. Gawanya. Nikapata 30. "Siku moja ya Kashata ni kama mwezi wako mzima," akasema. "Ukimwambia angoje kesho, umemwambia mgonjwa angoje mwezi."

Nikavaa koti.

Tulipiga simu kwanza, tukaelekezwa kliniki ya wanyama inayopokea wagonjwa usiku. Ndani ya boksi tukatandika taulo na kuweka kipande cha tango ili apate maji bila kumwagikiwa. Chupa ya maji ya vuguvugu tuliifunga kitambaa, tukaiweka upande mmoja tu, apate pa kuhamia akiona joto limezidi. Na Ubuyu tukamchukua pia, kwa kuwa panya akitengwa na mwenzake huingiwa na hofu, na hofu ni mzigo juu ya ugonjwa.

Nilidhani daktari angemshika mara moja na kumchoma sindano. Wala. Alimtia kwenye sanduku angavu linaloingizwa oksijeni, akamwacha atulie. Panya hupumua kwa pua, si kwa mdomo kama mimi na wewe tukipata mafua. Pua ikiziba na mapafu yakivimba, hata kushikwashikwa tu kunaweza kummaliza nguvu. Apate pumzi kwanza, ndipo apimwe. Baadaye daktari akamsikiliza kifua. Moyo wa panya hupiga mara 300 na zaidi kwa dakika. Hebu jaribu kugonga meza hivyo uone.

Akatuambia kuna bakteria aitwaye Mycoplasma pulmonis. Panya wengi wa kufugwa wanaye tangu wakiwa wachanga. Hukaa kifuani kama moto uliofukiwa jivuni, na wapo wanaoupulizia: uzee, hofu, vumbi, na ile harufu kali ya mkojo tundu lisipofanyiwa usafi. Hapo mtoto akainamisha kichwa. Juma lile alikuwa na mitihani, na tundu halikusafishwa. Daktari alimwona, lakini hakumkaripia. Alichukua lile daftari, akalisoma hadi mwisho, akasema, "Hili ndilo limekuleta leo badala ya keshokutwa." Kisha akapima dawa kwa gramu 281.

Tulirudi na antibaiotiki mbili za kumnywesha kwa kibomba kidogo kisicho na sindano. Nikashauri tuzichanganye na mtindi ziwe tamu. Nikakosea tena! Mojawapo ilikuwa doksisaiklini, na hiyo ikikutana na maziwa hushikana na madini ya chokaa yaliyomo, mwili usiipate vizuri. Tukaponda ndizi mbivu. Siku ya tatu mlango ulipofunguliwa, Kashata alitoka wa kwanza. Nikasema dawa sasa iachwe. Mtoto akanitazama tu, nami nikaelewa: dozi humalizwa. Tena daktari alikwishatuambia kwamba moto ule hauzimiki kabisa. Hutulizwa.

Niliporudi nyumbani nilipita Morogoro, nikawakumbuka panya buku wa shirika la APOPO wanaofundishwa pale Chuo Kikuu cha Sokoine. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa pale mwaka 2013, akapelekwa Kambodia kunusa mabomu ya ardhini, na akagundua zaidi ya 100, mabomu na silaha nyingine ambazo hazikuwa zimelipuka. Mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza liitwalo PDSA. Shirika hilo lilianzishwa London mwaka 1917 na Maria Dickin ili wanyama wagonjwa wa watu maskini watibiwe. Magawa alikufa Januari 2022, ana miaka minane, umri mkubwa kwa panya buku. Walezi wake walieleza kwamba juma lile la mwisho alicheza kama kawaida, kisha akaanza kupungua kasi, akalala zaidi, na chakula hakikumvutia sana. Waliyaona hayo kwa kuwa walimjua alivyo siku zote.

Binti wa kaka yangu alianza kunitumia ujumbe kila Jumapili. "Kashata 296, Ubuyu 330." Juma lililofuata, "Kashata 304, Ubuyu 331." Miezi minane ilipita hivyo. Kisha Jumapili moja ikaja namba moja tu.

Nilimpigia simu. Tulikaa kimya kidogo, kisha akaniambia Kashata alikuwa mzee, na usiku ule wa mwisho walimwahi tena kwa daktari, ila safari hii mapafu yalikuwa yamechoka.

Nikapiga hesabu yetu ile. Miezi minane, kila siku moja ikihesabiwa mwezi mzima. Usiku ule wa teksi ulimpa Kashata kama miaka 20.