Meno Mawili ya Spoketi na Kilomita za Betri

Mwendesha bodaboda aliyezoea petroli anazijua dawa mbili za spoketi. Akitaka mbio, huongeza meno mbele au hupunguza ya nyuma. Akitaka nguvu ya mlima na mzigo, hufanya kinyume. Sasa pikipiki za umeme zimeingia mijini kwetu, na kwa kuwa baadhi yake bado zina mnyororo, dawa zile zile zinarudi kwa fundi. Zinafanya kazi, ila bei yake inalipwa kwingine.

Injini ya petroli huwa dhaifu inapozunguka polepole, ndiyo maana ina gia nne au tano. Mota ya umeme husokota kwa nguvu zake zote tangu gurudumu likiwa limesimama, hivyo gia moja kwa kawaida huitosha. Tesla walipotengeneza gari lao la kwanza, Roadster la 2008, walianza na giaboksi ya gia mbili. Ikawa inawaharibikia, wakaiacha, wakabaki na gia moja na kuongeza umeme unaoingia kwenye mota.

Lakini mota nayo ina dari. Inapozunguka huzalisha volti zake yenyewe, na volti hizo hupingana na za betri. Kadiri inavyokwenda mbio ndivyo zinavyopanda, mpaka betri inakosa nafasi ya kusukuma umeme zaidi. Hapo ndipo spoketi inapoingia: dari ya mota haisogei, ila unachagua gurudumu lizunguke mara ngapi mota ikiwa darini.

Tuchukue mfano. Mbele meno 12, nyuma 48, dari ya mota mizunguko 2,600 kwa dakika. Gurudumu litazunguka mara 650, na tairi lenye mzingo wa mita 1.85 litakupa kilomita 72 kwa saa. Weka spoketi ya mbele yenye meno 14, na hesabu inasema 84. Hayo ndiyo maneno ya fundi, na kwenye karatasi hajakosea.

Barabarani kuna upepo. Nguvu ya hewa inayokurudisha nyuma hupanda kwa mraba wa mwendo, na kilowati za kuishinda hupanda kwa mraba huo mara mwendo tena. Nimekadiria pikipiki yenye abiria, jumla kilo 250, kwenye barabara tambarare ya Mombasa: kwa kilomita 72 gurudumu linadai kama kilowati 4, kwa 84 linadai 6. Kilomita 12 tu za mwendo, na nusu nzima ya nguvu imeongezeka! Mota yenye uwezo wa kilowati 4 haitaifikia 84 hata ukiifunga spoketi ya dhahabu.

Kwenye betri hadithi ni hiyo hiyo. Betri ya kilowati-saa 3 kwenye pikipiki hiyo itakupeleka kama kilomita 80 ukienda 50 kwa saa. Ukienda 72, zinabaki kama 46. Mwenye mota kubwa akifika 84 atapata kama 35. Wa Nairobi ana nafuu kidogo: hewa ya huko juu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja kati ya sita.

Kwa hiyo meno yenyewe hayali betri. Ukienda 50 kwa saa na spoketi ya 12, kisha 50 na ya 14, tofauti barabarani ni ndogo. Kinachokula ni mkono wa mafuta (jina limebaki ingawa mafuta hayapo), kwa sababu spoketi kubwa imekufungulia mwendo ambao zamani usingeufikia.

Mlimani mambo hubadilika. Ukiwa na meno 14 mahali pa 12, mota inalazimika kusokota kwa nguvu zaidi kwa sehemu moja kati ya sita ili gurudumu lipate msukumo ule ule. Umeme unaopita kwenye waya zake huongezeka kwa kiasi hicho, na joto, linalofuata mraba wa umeme, hupanda kwa zaidi ya theluthi. Kwenye vilima vya Kigali, abiria akiwa nyuma, joto hilo ni umeme wa betri unaopotea bure, na mota au kontrola (kifaa kinachoipimia mota umeme) ikizidiwa hujipunguza nguvu katikati ya mlima.

Kuna mtego mwingine ambao mafundi wachache huutaja. Pikipiki nyingine hupima mwendo kwa kuhesabu mizunguko ya mota. Ukiongeza meno mbele, saa ya mwendo itaonyesha 60 nawe uko 70, na kilomita itakazoandika zitakuwa chache kuliko ulizokwenda. Ukipunguza meno, utajisifu kijiweni kwa kilomita ambazo hukuzifikia. Kabla ya kubishana, pima kwa GPS ya simu, njia ile ile, mwendo ule ule.

Maoni yangu: anayebeba watu milimani apunguze jino moja mbele, mota ipumue. Wa tambarare aache spoketi ya kiwandani. Na kama mota yako imo ndani ya gurudumu la nyuma, fundi hana spoketi ya kukuuzia.