Washindani Chini ya Paa Moja

Jumuiya ya wataalamu wa vituo vya data Johannesburg ilianza kabla ya vituo vyenyewe kujengwa. Mwaka 1996 Telkom, iliyokuwa na ukiritimba wa nyaya za simu, iliingia pia katika biashara ya intaneti. Kampuni ndogo zilizokuwa zikigombea wateja wale wale zikaungana katika chama, ISPA, na mwaka huo huo zikafungua JINX, mahali pa kubadilishana mawasiliano ya ndani. Kabla ya hapo, barua pepe ya kwenda mtaa wa pili ingeweza kuvuka bahari na kurudi.

Mahali pa namna hiyo ni swichi iliyo chumbani, kila kampuni ikileta waya wake. Waya ukigoma saa nane usiku, fundi hana budi kumwamsha mwenzake wa kampuni pinzani. Undugu wa kazi hii umejengwa na simu hizo kuliko na mikutano ya hotelini.

Teraco, kampuni ya vituo vya data, iliupa undugu huo nyumba kubwa. Huko Isando, jirani na uwanja wa ndege wa O.R. Tambo, ilikodisha nafasi bila yenyewe kuuza intaneti, na mwaka 2012 ikaanzisha NAPAfrica, mahali pengine pa kubadilishana mawasiliano, ambako kujiunga ni bure. Mwaka 2022 Digital Realty ya Marekani ilinunua sehemu kubwa ya hisa, kampuni nzima ikithaminiwa dola bilioni 3.5.

Kilichowaleta mafundi karibu zaidi ni tatizo la pamoja: mgao wa umeme, uliokithiri mwaka 2023. Umeme wa Eskom, shirika la umeme la taifa, ukikatika, betri hubeba mzigo kwa dakika chache hadi jenereta zishike. Lakini Johannesburg iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini haitoi nguvu yote iliyoandikwa kwenye kibati chake. Jenereta iliyotosha Durban, pwani, huweza kuzidiwa hapa.

Kwenye vyeti, hata hivyo, jumuiya bado imegawanyika: ECSA, baraza la wahandisi la Afrika Kusini, husajili wahandisi kwa fani kama umeme na mitambo, ilhali kituo kinamtaka mtu anayeelewa umeme, upoozaji na mitandao kwa pamoja. Mengi hujifunzwa kwenye zamu.

Na wenzao wa nchi nyingine, wahandisi hukutana AfPIF, kongamano la Afrika la kuunganisha mitandao lililoanzia Nairobi mwaka 2010, likafika Johannesburg 2012 na Dar es Salaam 2016. Huko wahandisi wawili wa kampuni tofauti hukaa mezani wakakubaliana kuunganisha mitandao yao. Utafiti wa Packet Clearing House wa 2011 ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 99 ya makubaliano ya aina hiyo duniani hayakuwa na mkataba wa maandishi.