Sukari na Mgonjwa wa Ini: Tumpikie Nini?

Katika kuwatembelea wagonjwa majumbani tunakutana mara nyingi na jambo hili. Baba ametoka hospitalini, ameambiwa ini lake ni gonjwa. Macho bado ni ya manjano. Mama amesimama jikoni na pakiti ya glukosi mkononi, hajui ampe au asimpe. Jirani amemwambia sukari ndiyo nguvu ya ini. Wifi naye amesema sukari ni sumu, mgonjwa asionje hata chai. Wote wawili wanampenda mgonjwa, na wote wawili wanaweza kumdhuru.

Ini liko upande wa kulia, chini ya mbavu, na kwa mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Sukari inayotoka katika chakula chetu hupita kwanza hapo. Nyingine ini huiweka akiba, kama tunavyoweka unga kwenye debe, na usiku tukiwa tumelala huitoa kidogo kidogo ili ubongo usikose chakula.

Sasa, sukari hii tunayotia kwenye chai ina sehemu mbili. Moja ni glukosi, ambayo hutumiwa na mwili mzima. Ya pili ni fruktosi, na mzigo wake mkubwa hubebwa na ini. Fruktosi ikizidi, ini huigeuza kuwa mafuta, na mafuta hayo hubaki humo humo. Ndiyo sababu tunawaona watu wenye ini lililojaa mafuta ambao hawajaonja pombe maishani mwao, hasa wenye kitambi au kisukari. Mwaka 2023 wataalamu waliubadilisha jina ugonjwa huo, kwa kuwa jina la zamani lilisema tu kwamba si wa pombe, bila kueleza ni wa nini. Tunalitaja hili kwa makusudi. Wako wenzetu walionong'onwa kwamba wanakunywa kwa siri, kumbe ni soda, maandazi na chai ya vijiko vinne.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunazopata katika chakula, na ikiwezekana ipungue hadi nusu ya hapo. Hiyo nusu, kwa mtu mzima, ni gramu 25 hivi kwa siku, yaani vijiko 6 vya chai. Chupa moja ya soda ya mililita 300 ina karibu gramu 30. Asali, sukari guru na sukari ya kahawia zote zinaingia katika hesabu hiyo hiyo, hata kama zinasifiwa kuwa ni za asili. Juisi nayo imo. Chungwa lenyewe mpe mgonjwa ale na nyama yake. Glasi ya juisi humeza machungwa matatu au manne, na makapi yenye faida tumeyatupa.

Na ile pakiti ya glukosi? Mgonjwa wa manjano anayetapika na kushindwa kula anaweza kusaidiwa na kinywaji chenye sukari kwa siku chache. Lakini glukosi haiponyi homa ya ini. Akishaweza kumeza uji, mpe uji wenye maziwa.

Kuhusu vidonge vya utamu

Siku hizi maduka yanauza vitu vitamu visivyo sukari: aspatemi, sukralosi, sakarini, stevia. Mwezi wa Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri tusivitegemee kwa kupunguza unene, ingawa ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Julai mwaka huo huo aspatemi iliwekwa katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, na wengi waliogopa. Hata hivyo, kamati iliyopima kiasi iliacha kipimo kilivyokuwa: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni miligramu 2,400, mbali kabisa na vidonge viwili vya chai. Maoni yetu ni kwamba vidonge hivyo ni daraja tu la kumsaidia aliyezoea vijiko vinne. Punguza kijiko kimoja kila wiki, na ulimi utajifunza. Biskuti za "wagonjwa wa sukari" zenye sorbitoli tunazionea mashaka, maana ini huigeuza sorbitoli kuwa fruktosi, tena huleta gesi na kuharisha.

Mwenye ini la mafuta na unene uliozidi anasaidiwa sana na kupungua uzito. Mtu wa kilo 90 akipunguza kilo 6 hadi 9 polepole, mafuta ya ini hupungua, na mara nyingi uvimbe wake pia.

Ini lililosinyaa ni habari nyingine

Hapa ndipo wengi tunapokosea tukimnyima mgonjwa chakula. Ini lenye makovu halina tena debe la akiba. Usiku mmoja bila kula humfanya mgonjwa huyu awe kama mtu mzima wa afya aliyekaa siku mbili au tatu na njaa, na mwili huanza kula misuli yake. Kwa hiyo ale kidogo kidogo mara nyingi, na kabla ya kulala apate kitu: bakuli la uji wa maziwa, au viazi vitamu na yai. Kuhusu kufunga, tunasema wazi. Aombe, nasi tuombe naye, lakini mgonjwa huyu asifunge chakula. Wako wengine wa kufunga kwa niaba yake.

Zamani aliambiwa aache nyama na maharagwe. Ushauri wa sasa ni gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo maharagwe, choroko, mayai, maziwa na samaki wabichi wapewe nafasi. Kinachobanwa, tumbo likijaa maji, ni chumvi: isifike kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyojificha. Magadi tunayoivishia maharagwe, vile vidonge vya mchuzi, na dagaa wa chumvi, vyote vimo. Ndimu, tangawizi na kitunguu saumu vitakusaidia.

Kuna utamu mmoja usiopaswa kuunyima. Ni dawa ya maji iitwayo laktulosi. Ni sukari kweli, lakini haiingii mwilini kama sukari nyingine. Hufanya kazi tumboni na kutoa uchafu unaolevya ubongo. Lengo ni choo laini mara 2 au 3 kwa siku. Mama huona mumewe anaharisha, anaonja dawa ni tamu, anaiacha. Baada ya siku chache baba analala mchana na kukesha usiku, anasahau majina ya watoto, mikono inatetemeka. Watu wanasema ni mapepo. Maombi yafanyike njiani, gari likielekea hospitali.

Mahindi yenye ukungu msiyasage, hata yakioshwa. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya sumu ya ukungu huo iliwaugua watu 317, na 125 walikufa kwa ini kuharibika.

Tukienda kumwona mgonjwa wa ini, kreti ya soda ibaki dukani. Tubebe trei ya mayai, maziwa, ndizi za kupika na mafungu ya mchicha. Na kabla ya kumpelekea dagaa, tumuulize mke wake kama tumbo lina maji.