Mkono Unaokunjwa kwa Huruma: Familia na Mtoto Anayepona Jeraha la Moto

Siku mtoto aliyeungua anaporuhusiwa kutoka hospitalini, watu wa nyumbani huona kwamba shida imekwisha. Kidonda kimefunga, bandeji zimepungua, mama amerudi kwake. Kwa mtazamo wa kitabibu, hapo ndipo sehemu ndefu zaidi ya matibabu inapoanza, nayo hufanyikia jikoni, uani na kitandani.

Chukua mfano wa mtoto wa miaka mitatu katika kaya moja ya Malampaka, mji mdogo wa Wilaya ya Maswa uliojengeka kando ya reli ya Tabora hadi Mwanza. Sufuria ya uji iko juu ya mafiga, karibu na ardhi, mahali ambapo mtoto wa umri huo hupita akikimbia. Uji unammwagikia kwapani na kwenye mkunjo wa kiwiko. Uji huunguza vibaya kuliko maji kwa sababu hunata na kushikilia joto. Huduma ya kwanza ni maji safi ya baridi ya kawaida yanayotiririka juu ya jeraha kwa dakika 20. Unga, dawa ya meno na mafuta havifai. Kutoka hapo safari huelekea kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya mjini Maswa, na jeraha likiwa la kina, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza, ambako huenda akapandikizwa ngozi.

Jambo ambalo familia nyingi hazielezwi vya kutosha ni tabia ya kovu. Katika kidonda kirefu mwili hutengeneza nyuzinyuzi za kolajeni ili kuziba pengo, na baadhi ya seli zinazofanya kazi hiyo zina uwezo wa kujivuta kama misuli. Kwa hiyo kovu hupungua ukubwa na kuvuta kila kilicho jirani nalo. Likiwa mgongoni, madhara yake kwa mwendo ni madogo. Likiwa kwapani, kwenye kiwiko, shingoni, nyuma ya goti au katika vidole, huvuta kiungo na kukikunja. Kazi hiyo haikomi kidonda kinapofunga. Huendelea kwa miezi mingi, mara nyingi mwaka mmoja hadi miwili, hadi kovu linapolainika na kupoa rangi.

Hapa ndipo huruma inapogeuka hatari. Mtoto mwenye maumivu huubana mkono kifuani, kwa kuwa hapo hauumi. Mama akijaribu kuunyoosha, mtoto hulia, na bibi yake, ambaye naye amelia mengi tangu siku ya ajali, husema, "Mwacheni mjukuu wangu apumzike." Wote wanampenda. Lakini mkao unaompa mtoto nafuu ndio uleule unaomlemaza. Wiki chache za kuachwa hivyo zinatosha kovu kukaza mkono ubaki umekunjwa. Na kwa kuwa mifupa ya mtoto hukua haraka kuliko kovu linavyonyumbuka, kilema huzidi kadiri anavyorefuka. Baadaye njia inayobaki mara nyingi ni upasuaji, ukifuatwa na mazoezi yaleyale yaliyoahirishwa.

Kinachotakiwa si kigumu kukielewa. Mtoto alale mkono ukiwa mbali na ubavu na kiwiko kikiwa kimenyooka, kwa kutumia gango alilopewa hospitalini au nguo zilizokunjwa na kuwekwa kwapani kama alivyoelekeza mtaalamu wa fiziotherapia. Mchana, baada ya kuoga, kovu lililokwisha kufunga lipakwe mafuta mazito yasiyo na manukato na kukandwa, kisha kiungo kinyooshwe polepole hadi ngozi ya kovu ianze kukaza na kufifia rangi, kishikiliwe hapo kwa muda wa kuhesabu hadi thelathini, na kurudishwa taratibu. Mara chache ndefu hazifai kama mara nyingi fupi. Kulia kidogo wakati wa kunyoosha kunatarajiwa; ngozi ikichanika au kutoa damu, zoezi lipunguzwe na ushauri utafutwe. Mtoto mdogo hafanyi mazoezi, hucheza. Akipewa kazi ya kuanua nguo kwenye kamba, au embe likiinuliwa juu kidogo ya anapofikia, mkono utapanda wenyewe.

Ugumu ni nani atafanya haya kila siku. Mvua za Novemba na Desemba huwaita watu wazima shambani, na kuanzia Mei pamba inasubiri kuchumwa. Mama peke yake hawezi. Kaya zinazofanikiwa huwa zimegawana: mmoja ana zamu ya asubuhi, mwingine ya jioni, na baba ana sehemu yake inayojulikana, hata kama ni kumpakata mtoto wakati mama ananyoosha. Bibi aliyekataa mazoezi, akielezwa sababu na mtaalamu mwenyewe, mara nyingi ndiye huyasimamia kwa uaminifu kuliko wote.

Kuna jeraha jingine ambalo halionekani, nalo ni lawama. Mama huulizwa alikuwa wapi. Dada mwenye miaka tisa aliyeachiwa mtoto huanza kunyamaza, na hakuna anayemuuliza. Mzazi anayelaumiwa huficha mambo: kovu likianza kuvuta, huona aibu kurudi kliniki kusema kwamba mazoezi yalikatika. Ni bora mkuu wa kaya aseme waziwazi kwamba ajali imetokea, hakuna atakayetajwa tena, na mafiga yatainuliwa au kuzungushiwa kizuizi. Dada huyo apewe kazi katika uponaji, kwa mfano kuongoza michezo ya mkono, lakini asiachiwe mzigo wote.

Aliyeungua naye anaweza kurudi nyuma kitabia: kukojoa kitandani baada ya kuacha, kuota ndoto za kutisha, kuogopa moshi. Adhabu huongeza hofu. Kumpa kila anachokilia, huku ndugu zake wakitazama, nako hakumsaidii. Muwasho wa kovu huwa mkali hasa usiku. Kucha zikatwe, kitambaa cha baridi kiwekwe, na dawa ya muwasho iombwe kituoni. Kuhusu chakula, michembe hushibisha lakini haijengi ngozi. Dagaa, maziwa, mayai, choroko na karanga, ambavyo havikosekani sokoni, viwe kwenye sahani yake kila siku.

Sera ya nchi huwasamehe watoto wa chini ya miaka mitano gharama za matibabu katika vituo vya umma. Nauli haisamehewi, na ndiyo hukatisha kliniki nyingi. Kabla ya kuondoka hospitali ya rufaa, mzazi aulize ni huduma zipi zinaweza kuendelea Maswa na ni tarehe zipi lazima arudi Mwanza, ili familia iweke fedha mapema.

Kati ya ziara hizo, nyumba inaweza kujipima yenyewe. Kila Jumapili mtoto asimamishwe akiegemea ukuta, ainue mikono yote miwili kadiri awezavyo, na alama ya mkaa iwekwe kila ncha ya vidole inapofika. Alama ya upande ulioungua ikishuka kwa Jumapili mbili mfululizo, ampelekwe kliniki wiki hiyohiyo bila kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.