Kisanduku Kilichomfunza Mo

Wajukuu, hapa sokoni Ishiara namwona kila mmoja wenu na simu: mbuzi mmoja, picha ishirini. Mpigapicha Mohamed Amin, ambaye rafiki zake walimwita Mo, alianza na picha nane.

Alizaliwa Nairobi mwaka wa 1943, baba yake mfanyakazi wa reli, akakulia Dar es Salaam. Alipokuwa na miaka 11 hivi alinunua kamera kuukuu, Box Brownie. Hakupitia chuo chochote cha upigaji picha. Mwalimu wake, naamini, alikuwa kile kisanduku chenyewe.

Hakikuwa na cha kuvuta karibu wala cha kurekebisha. Filamu moja, picha nane, basi. Ukimkaribia mtu mno, sura yake yaingia ukungu; ukikaa mbali, anabaki mdogo kama sisimizi. Basi miguu ndiyo ifanyayo kazi: sogea, rudi nyuma kidogo, jua liwe mgongoni, mkono utulie. Na kitu chenye kasi je? Kikikupita ubavuni utapata mstari tu. Kingoje penye kona, kinapopunguza mwendo. Mo alipiga picha za mbio za magari za Safari tangu akiwa mwanafunzi, na huko anayejua pa kusimama humshinda mwenye kamera ya bei.

Mwaka wa 1963 alianzisha kampuni yake, Camerapix. Mapinduzi ya Zanzibar yalipotokea Januari 1964, alikuwapo.

Lakini kazi yake ya televisheni ninayotaka muitazame kwa makini ni ya Korem, Ethiopia, Oktoba 1984. Alikuwa na Michael Buerk, mtangazaji wa BBC. Ni alfajiri, baridi, maelfu ya wenye njaa wameketi chini. Kamera haiwatazami kutoka mlimani. Inapita katikati yao, inafikia nyuso. Amesogea, mnaona? Dunia ilishtuka, misaada ikamiminika, na Julai 1985 wanamuziki wakakusanyika London na Philadelphia kuchangisha fedha.

Mwaka wa 1991, ghala la silaha lilipolipuka Addis Ababa, alipoteza mkono wa kushoto. Kamera ya televisheni siku hizo ilibebwa begani, nzito. Akawekewa mkono wa bandia, akarudi kazini, akafanya kazi hadi Novemba 1996, ndege aliyopanda ilipotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Komoro.