Kinyongo cha Kurudishwa Ofisini

Kurudishwa ofisini ni hatua ya mwajiri kufuta ruhusa ya kufanyia kazi nyumbani, iwe ya wiki nzima au ya siku kadhaa, baada ya wafanyakazi kupanga maisha yao kwa kuitegemea. Nchini Marekani, ambako mvutano huu umepamba moto, ruhusa hiyo ilienea Machi 2020 ofisi zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19. Wapo waliohama miji ghali kama San Francisco na Seattle, wakanunua nyumba mbali na ofisi. Amri ya kurudi ilipowafikia, kilichowauma hakikuwa safari ya asubuhi peke yake. Kilichowauma zaidi ni kuona mwajiri amegeuka wakati wao gharama wamekwisha kuibeba.

Amazon inatajwa sana. Oktoba 2021 mkurugenzi mkuu wake, Andy Jassy, aliwaachia wakuu wa vitengo waamue watu wao wafike ofisini mara ngapi. Februari 2023 akatangaza siku 3 kwa wiki kuanzia Mei mosi. Tarehe 31 Mei wafanyakazi wakaandamana nje ya makao makuu mjini Seattle, wakilalamikia pia wenzao kupunguzwa kazini. Haikusaidia: Septemba 2024 ikatoka amri ya siku 5, kuanzia Januari 2, 2025. Siku hiyo ilipowadia, baadhi ya ofisi hazikuwa na meza za kutosha, ikabidi ziongezewe muda.

Kisa cha kampuni ya kompyuta ya Dell kinachoma zaidi, kwa sababu kauli ilitoka kwa mwasisi mwenyewe. Mwaka 2022 Michael Dell aliandika hadharani kwamba kampuni inayotegemea kuwalazimisha watu wakae ofisini ili washirikiane imekosea njia. Februari 2024 wafanyakazi wake wakatakiwa kuchagua kati ya kubaki nyumbani na kufika ofisini siku kadhaa, na waliochagua nyumbani wakaambiwa wasitarajie kupandishwa cheo. Machi 2025 wanaoishi karibu na ofisi wakaitwa siku zote 5.

Kisheria, wengi hawana pa kushika. Karibu majimbo yote ya Marekani humruhusu mwajiri binafsi kusitisha ajira bila kutoa sababu, na kubadilisha masharti pale mkataba usipomzuia. Ahadi ya mkutanoni ni vigumu kuidai mahakamani. Uingereza, tangu Aprili 6, 2024, mfanyakazi anaweza kuomba utaratibu wa kazi unaonyumbulika, kama vile kufanyia kazi nyumbani, tangu siku ya kwanza kazini, lakini mwajiri bado anaweza kukataa kwa sababu za kibiashara.

Waajiri wana hoja ya kusikilizwa: mgeni kazini hujifunza mengi kwa kukaa jirani na mzoefu. Hata hivyo wafanyakazi wanashuku kwamba amri hizi ni njia ya kupunguza watu kimyakimya, na shaka hiyo ina msingi, kwani anayeacha kazi mwenyewe kwa kawaida halipwi fidia ya kupunguzwa.

Ushahidi nao hauwaungi mkono wanaodai kwamba siku za nyumbani huua kazi. Kampuni ya usafiri ya Trip.com ya China iliwajaribu wafanyakazi 1,612, baadhi wakibaki nyumbani siku 2 kwa wiki. Utafiti wa jaribio hilo, uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2024, ulionyesha kuwa utendaji haukushuka, na walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja. Baada ya jaribio hilo, Trip.com iliwapa wafanyakazi wake wote utaratibu huo.