Haya Isitufichie Maradhi

Ndugu zetu Waislamu, tumeona vema kulizungumza jambo ambalo wengi huona haya kulitaja, ilhali kunyamaza kwetu kwaweza kumdhuru mke, dada au binti yetu. Jambo lenyewe ni matiti ya bandia, hasa yanapopasuka ndani ya mwili.

Matiti hayo ya silikoni yalianza kutiwa na madaktari wa Marekani mwaka 1962. Ni mfuko uliojazwa silikoni nzito kama ute, au maji ya chumvi. Wa maji ukipasuka hujulikana upesi, kwani titi hunywea. Wa silikoni waweza kupasuka na mwenyewe asijue, kwa kuwa mwili hujenga kovu kuuzunguka, na ule ute ukabaki humo. Baadaye hupenya nje, pengine ukaleta maumivu, au ukafika kwenye tezi za kwapani.

Basi hutambulikanaje? Kupapasa kwa mkono hakutoshi. Eksirei huonyesha silikoni iliyovuka kovu, lakini haionyeshi vema mpasuko wa ndani. Ultrasaundi husaidia zaidi. Iliyo bora ni mashine ya sumaku, MRI: ngozi ya mfuko uliopasuka huonekana ikielea katika ute, imepindana kama tambi. Tangu mwaka 2020 idara ya dawa ya Marekani yashauri mwenye silikoni apigwe picha ya MRI au ultrasaundi baada ya miaka 5 au 6, kisha kila miaka 2 au 3, hata asipoona dalili.

Hatari hii si ya kubuni. Mwaka 2010 iligunduliwa huko Ufaransa kwamba kampuni ya PIP ilitumia silikoni ya viwandani, na mwaka 2011 serikali ikawashauri wanawake wapatao 30,000 wayatoe.

Ama kwa upande wa dini, wanavyuoni wengi wa zama zetu humpa udhuru aliyeondolewa titi kwa saratani, na hukataza kubadili umbile kwa pambo tu. Lakini aliyekosea mlango wa toba u wazi kwake, na kutibiwa ni haki yake. Kumfunulia daktari kwa kadiri ya dharura kwaruhusiwa, na daktari mwanamke akipatikana ndiye atangulizwe.

Enyi akina baba, mkiambiwa titi limebadilika umbo, limekuwa gumu, au pana uvimbe kwapani, msianze kwa lawama. Mpelekeni mgonjwa hospitali, naye amweleze daktari mwaka aliotiwa mfuko na aina yake. Haya ni pambo la Muislamu, lakini haya imzuiayo mtu kujitibu si ile iliyosifiwa.

Mwenyezi Mungu atupe afya na atusitiri. Amin.